Mwongozo kamili: kupanga saspensheni ya gari la Formula Student lenye mabawa bila kulamba lami wala kurudishwa kwenye ukaguzi

Wadau wa Formula Student (mashindano ya wanafunzi wa vyuo wanaojenga magari madogo ya mbio), kila msimu meseji ni zilezile. "Mkuu tumefunga bawa la mbele, kwenye kompyuta kila kitu kiko fresh, gari likikanyaga breki bawa linalamba lami." Mwingine: "tumerudishwa ukaguzi kwa milimita tatu tu." Nimejibu mmoja mmoja mpaka vidole vimechoka, sasa naandika mara moja alafu nitakuwa natuma hii hii.

Kosa karibu wote mnalofanya ni moja. Mnaanza na springi, kuna mtu kaziona mahali bei nzuri mkanunua, mkachora wishboni (mikono ya saspensheni inayoshika gurudumu) zikakaa vizuri kwenye chasisi, alafu mwezi wa nne ndo anakuja jamaa wa mabawa na bawa lake na anataka likae milimita 40 kutoka chini. Hapo mmeshachelewa. Gari lenye mabawa linapangwa kinyume: kanuni kwanza, alafu hewa itakandamiza kiasi gani, alafu unahesabu umebakiwa na milimita ngapi za kucheza, na springi inatoka kwenye hizo milimita.

Nitatumia gari moja la mfano mwanzo mpaka mwisho. Namba zangu usizikopi, kopi njia.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Kitabu cha kanuni cha mashindano unayokwenda, cha mwaka huo huo. Mimi hapa natumia kanuni za Formula Student Germany, wale wa Hockenheim. Za Silverstone na za Marekani zinafanana kwa mengi ila sio yote, na kila mwaka kuna kitu kinaguswa.
- Excel au LibreOffice. Programu za bei mbaya baadaye.
- Mizani minne, moja kila gurudumu. Kama hamna, mizani mmoja wa dukani na mbao tatu za unene sawa na huo mizani, utapima gurudumu moja moja.
- Makadirio ya mkandamizo wa hewa kutoka kwa watu wa mabawa. Hata ya kukisia, ila iwe namba. "Utakuwa mwingi" sio namba.
- Data ya tairi, hasa ugumu wake wa wima. Chuo kikijiunga na Formula SAE Tire Test Consortium mnapata data za kweli za maabara, na kiukweli ndo hela nzuri kuliko zote mtakayotumia.
- Rula ya chuma, jeki, chaki, na mifuko miwili ya saruji. Ya saruji nitaeleza mbele, usicheke.

## Hatua ya 1: Andika kanuni ukutani

Sio kwenye simu, ukutani, kwa maka peni. Zinazogusa saspensheni moja kwa moja ni hizi:

Magurudumu yawe na mwendo wa kutumika usiopungua milimita 50 juu-chini, na katika huo angalau 25 uwe wa kupanda, dereva akiwa amekaa. Sehemu yoyote ya gari ukiacha tairi isikae chini ya milimita 30 kutoka ardhini, gari limesimama na dereva ndani. Umbali wa ekseli ya mbele na ya nyuma usipungue milimita 1525.

Kwa upande wa mabawa: la mbele lisizidi milimita 700 mbele ya tairi za mbele, la nyuma lisizidi 250 nyuma ya tairi za nyuma. Kipande cha bawa la mbele kinachotokeza nje kupita upande wa ndani wa tairi kisifike juu ya milimita 250 kutoka chini. La nyuma lisizidi 1200. Na kuna eneo la milimita 75 mbele na nyuma ya kila tairi ambalo halitakiwi kuingiwa na kitu.

Sasa mtego. Vimo hivyo vya mabawa vinatakiwa vitimie kwa mpangilio wowote wa saspensheni, dereva akiwemo au asiwemo. Watu wanausoma huu mstari kama tangazo la biashara, wanapita. Dereva akishuka gari linapanda, na bawa linapanda nalo.

Sisi ilitukuta. Bawa letu lilikuwa 245 dereva akiwa ndani, tukajiona tumebakiza tano. Mkaguzi akamwambia dereva shuka, akapima, 253. Tulikata ncha za bawa la kaboni kwa msumeno wa chuma usiku kwenye maegesho, vumbi limetujaa puani, na hiyo ni kazi ya miezi mitatu ya mtu. Hesabu yake iko hatua ya 8, ni ya dakika mbili.

Umefaulu kama: mtu yeyote wa timu ukimuuliza namba 30, 25/50, 250 anajibu bila kufungua kitu.

## Hatua ya 2: Jua uzito wako

Gari la mfano: kilo 280 na dereva (dereva wa kilo 75), nusu mbele nusu nyuma. Kila kona ina kilo 70. Toa kilo 10 za gurudumu, breki, apraiti (kipande kinachounganisha gurudumu na mikono) na nusu ya mikono, ambazo springi haizibebi. Springi ya kila kona inabeba kilo 60.

Urefu wa kitovu cha uzito milimita 280, ekseli hadi ekseli 1550, upana kati ya tairi 1200.

Onyo dogo: gari bado halijajengwa, utakisia. Kisia juu. Sijawahi kuona gari la wanafunzi lililotoka jepesi kuliko lilivyokadiriwa.

## Hatua ya 3: Hewa itakandamiza kiasi gani

Fomula ni fupi: nguvu = 0.6 × kasi mraba × namba ya bawa. Kasi iwe mita kwa sekunde. Namba ya bawa ni mgawo wa mkandamizo (umbo la bawa linakandamiza kiasi gani) ukizidisha na eneo, watu wa mabawa wanayo. 0.6 ni nusu ya uzito, kwa kilo, wa mita moja ya ujazo ya hewa usawa wa bahari. Mkifanyia majaribio Nairobi weka 0.5, hewa ya kule juu ni nyepesi, msije mkashangaa namba hazifiki mkamlaumu mtu wa mabawa bure.

Gari letu lina namba ya bawa 3.0, ya kawaida kwa timu isiyo na pesa nyingi.

Kwa 60 km/h unapata niutoni 500. Kwa 90 km/h unapata 1125. Angalia hapo, kasi imeongezeka nusu tu ila nguvu imezidi mara mbili na robo. Ndo maana gari linaweza kuwa safi kabisa kwenye kona zote alafu likagusa chini mwisho wa sehemu iliyonyooka.

Gawa kwa kona nne (tuchukulie mkandamizo umegawanyika sawa mbele na nyuma): 1125 ni niutoni 281 kila kona. Hiyo namba 281 iandike, tutakwenda nayo hadi mwisho.

Kwa nini 90 na sio 120? Kwa sababu njia za Formula Student ni za koni, zimebanana, 90 ni mwisho wa sehemu ndefu kwa gari kama hili. Kama gari lenu linafika zaidi weka zaidi. Usiweke kasi ya wastani, bawa haligusi chini kwa wastani.

## Hatua ya 4: Breki inaleta uzito gani mbele

Ukifunga breki uzito unahamia mbele. Hesabu: uzito × mchapuko × urefu wa kitovu ÷ umbali wa ekseli. Kwa breki ya 1.5 g (mara moja na nusu ya mvutano wa dunia, yaani 14.7):

280 × 14.7 × 0.28 ÷ 1.55 = niutoni 744 hivi, yaani 372 kila kona ya mbele.

Jumla mwisho wa sehemu iliyonyooka, sekunde ileile mguu unapogonga pedeli: 281 ya hewa na 372 ya breki. Vinakuja pamoja kwa sababu kasi bado haijashuka. Watu wengi wanahesabu kimoja kimoja, kila kimoja peke yake kinatosha, wanalala usingizi.

Hapa kuna msaada mmoja. Ukiinamisha vizuri mistari ya wishboni ukiangalia kwa ubavu, sehemu ya nguvu ya breki inapita kwenye mikono badala ya kupita kwenye springi, pua inainama kidogo. Kwa mfano wetu tutachukua asilimia 25. Maana yake springi itaona 279 badala ya 372. Pembe yake tunaipata hatua ya 9.

## Hatua ya 5: Chagua masafa, upate ugumu kwenye gurudumu

Masafa ni gari linadunda mara ngapi kwa sekunde ukiliachia. Gari la barabarani, Probox ya mtaani, iko kati ya 1 na 1.5 Hz. Gari la mbio lenye mabawa liko juu sana ya hapo. Usilete akili ya starehe hapa, na pia usilete ushauri wa fundi wa mtaani hata kama anaheshimika, yeye anapigana na mashimo na wewe unapigana na milimita.

Ugumu kwenye gurudumu = uzito wa springi × (6.283 × masafa) mraba. Kwa kilo 60:

2.5 Hz inatoa niutoni 14.8 kwa milimita. Hewa inashusha milimita 19, breki 18.9. Jumla karibu 38.
3.0 Hz inatoa 21.3. Hewa 13.2, breki 13.1. Jumla 26.
3.5 Hz inatoa 29. Hewa 9.7, breki 9.6. Jumla 19.

Rudi ukutani. Mmejipangia mwendo wa kupanda wa milimita 25. 2.5 Hz imekufa hapo hapo. 3.0 inapigiza mpira wa mwisho (ule unaozuia springi mwendo ukiisha) kila breki kubwa, na springi ikishagonga mpira tairi inapata mshtuko na gari linasukuma mbele halikati kona. 3.5 inabakiza kidogo cha matuta. Tunaenda na 3.5.

Mtu atauliza kwa nini nisiweke 5 Hz nimalize. Kwa sababu tairi. Ikiwa springi ngumu sana tairi inaruka ruka kwenye kila kijiwe, na tairi iliyoko hewani haina mshiko hata kama bawa lako ni la kiwango cha Formula 1. Weka ngumu inayotosha kulinda bawa, basi, usiongeze.

Umefaulu kama: hewa + breki zikijumlishwa bado una milimita 5 hadi 10 za matuta kabla ya mpira.

## Hatua ya 6: Kutoka gurudumuni hadi springi, hapa ndo makaburi yalipo

Springi haijakaa kwenye gurudumu. Iko ndani, inasukumwa na pushrodi (fimbo inayotoka upande wa gurudumu) na kipembe (kipande kinachozunguka na kugeuza mwendo huo uelekee kwenye springi). Gurudumu likipanda milimita 10 springi yako inaweza kubonyea 8. Huo uwiano, mwendo wa springi ukigawa kwa mwendo wa gurudumu, ni 0.8.

Ugumu wa springi = ugumu kwenye gurudumu ÷ uwiano mraba. Mraba, kwa sababu uwiano unapunguza mwendo na unapunguza nguvu, mara mbili.

29 ÷ 0.64 = niutoni 45.3 kwa milimita. Springi za mbio zinauzwa kwa pauni kwa inchi, zidisha kwa 5.71 unapata 259. Dukani iko ya 250, ambayo ni 43.8, na kwenye gurudumu inakuwa 28. Masafa yanashuka kuwa 3.44 Hz. Sawa tu, kuanzia sasa tunatumia 28.

Sasa kosa. Nusu ya wanaoniandikia wamegeuza uwiano. Wengine wanaita uwiano gurudumu kwa springi, wengine springi kwa gurudumu, vitabu vyenyewe havikubaliani, wewe umechukua fomula ya huyu na namba ya yule. Ukizidisha badala ya kugawa unanunua springi ya 18.6, ambayo kwenye gurudumu inakuwa 11.9, masafa 2.24 Hz. Hewa peke yake inakushusha milimita 23 na nusu. Mwendo wa kupanda karibu wote umeisha na hujagusa breki!

Dawa: usiamini herufi za fomula, jiulize swali la kitoto. Springi inabonyea kidogo kuliko gurudumu? Basi springi lazima iwe ngumu kuliko ugumu wa gurudumuni. Kama jibu lako liko kinyume, umegeuza.

Alafu chora kipembe kwenye kompyuta, pandisha gurudumu milimita moja moja kutoka chini hadi juu, andika springi imebonyea ngapi. Uwiano usishuke kadiri gurudumu linavyopanda, ukishuka springi inakuwa laini pale pale bawa linapohitaji ulinzi. Ukae ulivyo au upande kidogo.

## Hatua ya 7: Milimita 50 za kanuni, na springi inayolegea

Hii wachache wanaiona mapema. Gari likisimama, springi imebonyea kwa uzito wake: kilo 60 ni niutoni 589, gawa kwa 28 unapata milimita 21 gurudumuni. Maana yake ukiinua gari kwa jeki, gurudumu linashuka milimita 21 alafu springi imeisha, imelegea, inacheza kwenye kikombe chake.

Kama ulipanga 25 kupanda na 25 kushuka, zile 4 za mwisho springi haina kazi na inaweza kukaa upande ikirudi. Kuna njia mbili. Ya kwanza, springi ndogo laini ya kusindikiza juu ya ile kubwa, inashikilia tu isitoke mahali pake. Ya pili, na mimi ndo naipenda, soma kanuni tena: jumla 50, kupanda ANGALAU 25. Hakuna anayekukataza 30 kupanda na 20 kushuka. Unapata milimita tano za bure upande ule ule hewa inapokusukumia, na springi haifiki kulegea.

Hakikisha shokapu ina mwendo wa kutosha, 50 × 0.8 ni 40 na ongeza nafasi ya mpira wa mwisho. Na pima kwa mkono baada ya kufunga: toa springi, pandisha gurudumu kwa jeki mpaka mwisho, shusha mpaka mwisho, rula. Geuza usukani mpaka mwisho kila upande ukiwa juu na ukiwa chini. Tairodi (fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu) inapenda sana kugonga rimu pale tu ambapo hukupima.

## Hatua ya 8: Bajeti ya bawa

Hadi sasa tumehesabu kwenye ekseli. Bawa haliko kwenye ekseli, liko mbele huko, na ndo linaloumia.

Tuseme sehemu ya chini kabisa ya bawa iko milimita 600 mbele ya ekseli. Kwenye ile breki ya 90 km/h:

Springi za mbele zinashuka: hewa 10, breki 10, jumla 20. Tairi nayo inabonyea, ya mfano ina ugumu wa niutoni 100 kwa milimita, kwa hiyo 281 + 372 ni milimita 6.5. (Tairi haijui mambo ya kuzuia kuinama, inaona uzito wote.) Mbele imeshuka 26.5.

Nyuma breki inainua 13.3, hewa inashusha 10, ukiweka na tairi inabaki imeinuka 4 hivi.

Tofauti ya mbele na nyuma ni karibu 31 kwa urefu wa 1550. Ukiivuta hadi milimita 600 mbele, ni 12 za ziada. Bawa limeshuka 26.5 + 12 = milimita 38 na ushee.

Sasa yule jamaa aliyetaka bawa likae 40 mwonyeshe hiyo. Amebakiwa na milimita moja na nusu, na hajakutana na hata tuta.

Na gari likilala kwenye kona: kwa 1.5 g, kilo 240 zinazobebwa na springi, kitovu kikiwa milimita 240 juu ya kitovu cha kulala (pale gari linapozungukia likilala), springi peke yake bila stabilaiza (chuma cha kuzuia gari kulala) zinaruhusu nyuzi 1.2. Ncha ya bawa iliyoko 650 kutoka katikati inashuka karibu 14. Habari njema ni kwamba 1.5 g za breki na 1.5 g za kona haziji pamoja, tairi haiwezi kutoa vyote. Chukua kubwa, ongeza 10 za matuta. Mimi ningeweka bawa la mfano 55, nikipata ushahidi wa uwanjani nishushe.

Chini ya chasisi fanya vivyo hivyo. 30 ni kanuni ya kusimama, ila ukishuka 26.5 umebakiwa na 3.5. Anza na 40.

Alafu hesabu ya msumeno wa chuma, ile ya hatua ya 1. Dereva wa kilo 75 akishuka kila kona inapoteza niutoni 184. Gawa kwa 28, ni 6.6, na tairi 1.8. Gari limepanda milimita 8.4. Kwa hiyo sehemu zenye kikomo cha 250 zikae 235 dereva akiwemo, na la nyuma chini ya 1185. Kama mna dereva mzito na mwepesi, pima kwa mzito maana yeye akishuka ndo gari linapanda zaidi.

Umefaulu kama: una jedwali lenye safu za hewa, breki, kulala, tairi, matuta, na kila sehemu ya chini ya gari ina baki lisilo hasi.

## Hatua ya 9: Sasa ndo chora mikono

Ndiyo, ya tisa. Wengi hii ndo ya kwanza kwao.

Kuzuia kuinama asilimia 25: asilimia = mgawo wa breki ya mbele × mteremko × umbali wa ekseli ÷ urefu wa kitovu. Breki ya mbele ikiwa asilimia 65, mteremko unatoka 0.07, yaani nyuzi 4. Mstari kutoka pale tairi inapogusa lami hadi pale mistari ya wishboni inapokutana kwa ubavu uwe na nyuzi 4. Usikimbilie asilimia 60 kwa tamaa ya kulinda bawa, usukani unakuwa mgumu kwenye breki, dereva hasikii tairi na gurudumu linatetema.

Kulala kwa tairi: ukiangalia kwa mbele, mistari ya mikono ikikutana mita 1.5 kutoka kwenye tairi, kila milimita ya kupanda inalaza tairi nyuzi 0.038. Zile 10 za hewa zinalaza 0.38 na hukuweka wewe, imeweka hewa. Kwa hiyo pembe ya tairi ipange gari likiwa limekandamizwa kwa kasi ya kona, sio likiwa limesimama gereji.

Tairodi ielekee pale pale mikono inapoelekea, ili gurudumu likipanda lisigeuke. Gari la kawaida linasamehe hili, la mabawa halisamehi kwa sababu linatembea juu-chini na kasi hata kwenye lami safi.

Na maungio yenye beringi za duara yafungwe pande mbili, au kuwe na washa kubwa kuliko tundu la nyumba ya beringi ili ikivunjika mkono usichomoke. Hii wakaguzi wanaitafuta kwa tochi.

Kuna anayetaka kufunga bawa moja kwa moja kwenye apraiti ili hewa isipite kwenye springi kabisa. Kimahesabu ni safi. Lotus, timu ya Formula 1, walifanya hivyo, na mwaka 1969 pale Montjuïc, Barcelona, mabawa ya madereva wao Graham Hill na Jochen Rindt yalivunjika kwenye mbio zilezile moja. Timu ya mwaka wa kwanza, hata kama kanuni zako haziko wazi, funga kwenye chasisi.

## Hatua ya 10: Shokapu, kwa ufupi

Kazi ya shokapu ni kuzima mdundo wa springi. Mara mbili ya kipeuo cha pili cha (ugumu 28000 × kilo 60) ni 2592, kiasi cha kuzima mdundo wote. Chukua 0.7 yake, 1815, hiyo ni ya gurudumuni. Gawa kwa 0.64, shokapu itoe niutoni 2835 kwa kila mita kwa sekunde, yaani kama niutoni 142 ikitembea milimita 50 kwa sekunde. Peleka shokapu zipimwe kwenye mashine kama mnaweza kuipata, kisha funga zinazofanana kwa ekseli moja. Kubofya klik bila karatasi ya kipimo ni ramli.

## Hatua ya 11: Jaribio la saruji

Gari limefungwa, dereva au kilo 75 ndani, tairi upepo sahihi, sakafu tambarare. Pima kimo kona zote nne.

Hewa ya 90 km/h ni niutoni 1125, sawa na kilo 115. Mifuko miwili ya saruji ya kilo 50 na ndoo ya mchanga ya kilo 15. Panga juu ya chasisi katikati ya ekseli, juu ya mbao, USIWEKE juu ya bawa. Tikisa gari mara mbili tatu liachie msuguano. Pima tena.

Unategemea milimita 10 za springi na 2.8 za tairi. Kati ya 12 na 14 kona zote, mmepatia.

Limeshuka 8? Kuna kitu kinakwama, legeza pushrodi uzungushe kila beringi kwa mkono. Limeshuka 20 na kitu? Uwiano wa hatua ya 6, umegeuza, nilikwambia. Kona moja tofauti na nyingine? Chasisi inajipinda au springi zimechanganywa, soma namba kwenye kila springi.

Jaribio hili linachukua asubuhi moja na limewahi kuokoa timu nyingi kuliko programu yoyote ninayoijua.

## Hatua ya 12: Uwanjani

Bandika vipande vya sponji ngumu chini ya bawa, vya urefu tofauti, 10, 20, 30. Paka chaki. Kilichofutika ndo kinakwambia bawa lilifika wapi, bila kompyuta.

Kama mna vipima mwendo kwenye shokapu, pita moja kwa moja kwa 60 bila kuongeza wala kupunguza gesi, alafu 90. Kwa 60 gurudumu linatakiwa lionyeshe 4.5, kwa 90 lionyeshe 10. Kumbuka kipima kinasoma mwendo wa shokapu, gawa kwa 0.8 kwanza. Ikiwa mbele imeshuka sana na nyuma kidogo, kitovu cha hewa (pale mkandamizo wote unapoelemea) kiko mbele kuliko mlivyoambiwa, na gari litakuwa linatupa mkia kwenye kona za kasi huku za polepole likiwa sawa. Hapo punguza pembe ya bawa la mbele kabla hujagusa springi.

Kisha breki. Anza 50, 60, panda taratibu, baada ya kila mara simama uangalie sponji. Sponji ya 30 ikiguswa kidogo na ya 20 haijaguswa kwenye breki kubwa ya 90, shusha bawa milimita tano, rudia. Ya 10 ikiguswa, pandisha, na usimsikilize jamaa wa mabawa siku hiyo.